Barua ya wazi kwa kamati ya klabu yetu: majina ya milima yapewe wanaoitunza

Kwa Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina na wajumbe wote wa Kamati ya Utendaji,
Klabu yetu ya mbio na kupanda milima,
Dodoma.

Ndugu viongozi, mbukwenyi, kwa salamu yetu ya Kigogo.

Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe mmelitangaza hadharani, mbele ya wanachama wote. Mwishoni mwa mkutano mkuu Ndugu Katibu alisoma mpango wa kuwapa wanachama majina ya heshima yanayotokana na alama za mkoa wetu: Simba wa Mlima Simba, Nguzo ya Chimwaga, Mbuyu Mkuu, Nahodha wa Mtera, Mlinzi wa Kolo, na juu ya wote Mtemi wa Milima. Ukumbi ukajaa vigelegele, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopiga. Mpango huu naupenda. Kisha ukasomwa utaratibu wa kuyapata majina hayo, na huo ndio ulioninyima raha hadi nikashika kalamu.

Kwa mujibu wa karatasi mliyotugawia, jina litafuata kiwango cha mchango. Anayechangia zaidi ndiye Mtemi, anayemfuata ndiye Simba, na hivyo hivyo kushuka mpaka majina yaishe. Mgeni rasmi na wafadhili nao watavishwa ya kwao siku ya sherehe, hata kama hawajawahi kukimbia nasi asubuhi moja. Naomba utaratibu huo ubadilishwe kabla ya sherehe. Jina la mahali apewe mtu anayepatunza mahali hapo, na alipokee pamoja na kazi.

Watanzania tunajua kupeana majina ya mahali na ya kazi, na tumefanya hivyo muda mrefu bila kutoza senti. Simba ni Wekundu wa Msimbazi na Yanga ni watoto wa Jangwani, na hata mtoto wa Kongwa ambaye hajafika Dar es Salaam anajua mitaa hiyo kwa sababu ya majina hayo. Mtibwa ni Wakata Miwa, Singida ni Walima Alizeti, na timu yetu ya Dodoma Jiji ni Walima Zabibu. Majina hayo yalitoka midomoni mwa mashabiki, yakakaa kwa sababu ni kweli: miwa inakatwa, alizeti inalimwa, na zabibu za Hombolo na Mpunguzi zinavunwa na watu wenye mikono iliyochubuka. Mshabiki akiitwa mlima zabibu anajua anamwakilisha nani.

Tunayo pia historia ya jina lililowekwa kinyume cha hivyo. Kilele cha Kilimanjaro kilipewa jina la Kaiser Wilhelm wa Ujerumani baada ya Hans Meyer, mpanda milima Mjerumani, kukifikia mwaka 1889. Kaiser huyo hakuwahi kukanyaga mlima ule. Alipewa kwa sababu ya ukubwa wake huko kwao. Ulipoingia uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge kule juu, kwenye baridi, kwa miguu yake mwenyewe, na kilele kikaitwa Uhuru. Pale jina la mtu lilibandikwa mlimani, na sisi tunataka kubandika jina la mlima kwa mtu, lakini swali ni lilelile: mtu huyo na mlima huo wana uhusiano gani?

Sasa nije kwenye majina yenyewe, moja moja, maana hayana uzito sawa.

Mlima Simba ni wetu wa karibu kabisa. Ukiwa mjini unauona, na wanachama wengi wameanzia hapo kujifunza kupanda. Watu wa mabasi ya utalii wanapanda kupiga picha machweo, wanafunzi wanakwenda kusoma, wachumba wanakwenda kuzungumza. Na sisi tunapanda Jumamosi alfajiri tukiimba mchakamchaka, tunateremka jua likiwa limechomoza, na chupa za maji zinabaki kwenye mapengo ya mawe. Mwenye kuitwa Simba wa Mlima Simba awe ndiye anayebaki nyuma na kiroba kuziokota. Yupo mtu wa namna hiyo kati yetu, wote mnamjua, na uwezo wake wa kuchangia ni ada ya mwezi tu, tena wakati mwingine kwa awamu mbili. Kwa utaratibu mlioutangaza hatapata hata jina la mwisho.

Nguzo ya Chimwaga sina neno kubwa juu yake. Ukumbi ule wenye historia ya vikao vya chama sasa uko ndani ya Chuo Kikuu cha Dodoma, na tunao wanachama wengi wanafunzi. Mpeni mmoja wao anayewaleta wenzake mazoezini, inatosha.

Mbuyu Mkuu ni jina zito kwetu sisi Wagogo. Majani yake tumekula na ugali wa uwele, ubuyu tumelamba utotoni, magome yake yamesokotwa kamba, na kivuli chake kimefanyiwa mikutano ya kijiji kabla ya kuwapo kumbi. Mti huo hukua polepole mno, na ulio mnene kiasi cha watu wanne kukumbatiana kuuzunguka huenda ulikuwapo kabla ya Wajerumani kuleta reli hapa. Mji unapanuka, barabara zinachongwa, viwanja vinapimwa, na baadhi ya mibuyu iko katikati ya ramani. Mbuyu Mkuu wa klabu awe mtu anayeijua mibuyu iliyo kwenye njia zetu za kukimbilia, na akisikia mmoja umewekwa alama ya kukatwa, aende ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza kama hakuna namna ya kuupisha. Hiyo ni kazi halisi na inahitaji mtu jasiri wa kuzungumza na wakubwa.

Nahodha wa Mtera naomba apewe mwalimu. Bwawa la Mtera lilijengwa miaka ya 1970, maji yakaanza kukusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa miaka mingi lilikuwa hazina ya maji ya kuendeshea mitambo yake ya umeme na ile ya Kidatu. Mvua zilipokosa kunyesha na mto Ruaha Mkuu unaolijaza ukapungua, nchi nzima iliingia kwenye mgawo wa umeme, kama ilivyokuwa mwaka 2006. Sisi tunaopita pale kwenda Iringa huwa tunasimama kununua perege na kambale, tunapiga picha ukutani, tunaondoka. Wanetu hawajui kwamba mkulima wa juu huko akiharibu mto, taa inaweza kuzimika Dar es Salaam. Nahodha awaeleze vijana wetu tukisafiri.

Hapa niseme neno juu ya wageni, kwa nia njema kabisa. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, klabu yetu imejaa watu kutoka kila kona ya nchi: Wachaga, Wasukuma, Wamakonde, Wahaya, Wazanzibari. Nimefurahi. Wanakimbia kuliko sisi wenyeji, na wengi wao wamejenga Nzuguni, Kisasa, Ilazo na Iyumbu, hawaondoki tena. Lakini wengi walifika wakiwa wamesikia mambo mawili tu kuhusu huku: ukame, na utani wa muda mrefu kwamba Mgogo ni ombaomba. Utani huo umeniuma maisha yangu yote. Majina haya ya heshima ni nafasi ya kumfundisha mtu aliyehamia kwamba amekuja kwenye nchi yenye vitu, yenye watu waliokaa na mawe na mvua chache kwa vizazi na wakaishi. Tukiyagawa kwa fedha, mgeni atajifunza jambo moja tu kuhusu Mlima Simba, yaani bei yake.

Na kuna jina moja ambalo halikuwa kwenye karatasi lakini lilitamkwa ukumbini na kuchekewa. Mjumbe mmoja alipendekeza anayefika wa mwisho kila Jumamosi aitwe Balozi wa Mirembe, yaani hospitali yetu ya wagonjwa wa akili. Naomba pendekezo hilo lifutwe kabisa, na naomba Mwenyekiti aseme hivyo kwa mdomo wake mbele ya wanachama.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimekaa na familia zilizosafirisha mgonjwa wao kutoka Kigoma, kutoka Mtwara, usiku kucha, mgonjwa amefungwa kamba kwa sababu hawakujua namna nyingine, na jambo la kwanza mama anauliza si dawa, anauliza kama watu wa kijijini watajua mwanawe aliletwa Dodoma. Jina la Mirembe limegeuzwa tusi nchi nzima. Mtu akikosea hesabu anaambiwa apelekwe Mirembe, mtoto akicheka peke yake anaambiwa hivyo hivyo. Matokeo yake watu wanaficha ugonjwa mpaka unakomaa. Hospitali ile ya taifa ya afya ya akili ni alama ya mji wetu kama ilivyo stesheni na Bunge, na watu waliotoka pale wamepona wanakimbia nasi. Ndiyo, wapo. Hawatasema, kwa sababu wanasikia mnavyocheka.

Kama mnataka jina la heshima linalotokana na Mirembe, basi liwe la juu. Mpeni mwanachama yule ambaye mwenzetu akikosekana Jumamosi mbili mfululizo anampigia simu, asipopokea anakwenda nyumbani kwake. Mwaka ule mwenzetu mmoja alipofiwa na mke akajifungia ndani, nani alikwenda kukaa naye jioni baada ya jioni? Hamkumtuma. Alikwenda mwenyewe. Huyo ndiye ninayemwona nikisikia jina hilo.

Sasa Kolo. Hapa nitakaa kidogo.

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kuna vibanda vya mawe zaidi ya 150 vyenye michoro, kwenye miteremko ya ukingo wa Bonde la Ufa: watu warefu wembamba, wanyama, mingine kwa rangi nyekundu, mingine ya baadaye kwa nyeupe. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alifika mwaka 1951 akainakili kwa mkono, na hata yeye aliona kwamba mingine inafifia. Jua, mvua, moshi na mikono ya watu vyote vinaila. Tukipanda barabara ya Kondoa hadi Kolo siku moja ya ziara ya klabu, tutakuta kitu ambacho watu wa Ulaya wanasafiri bara zima kukitazama.

Lakini Mongomi wa Kolo, mojawapo ya vibanda hivyo vya mawe, si makumbusho tu. Ni mahali pa ibada. Wenyeji wa Irangi, nchi ya Warangi, mpaka leo wanakwenda pale kuomba mvua na kuombea wagonjwa, kwa taratibu zao na kwa wazee wao. Mlinzi wa mahali kama hapo wanaye tayari. Sisi tukikaa ukumbini Dodoma mjini tukamtangaza mtu wetu kuwa Mlinzi wa Kolo, kwa sababu alitoa fedha za fulana, tunakuwa tumechukua cha watu bila hodi. Nimeongea na jamaa wawili Warangi ambao ni wanachama wetu, na wote walisema maneno yanayofanana: wapelekeeni wazee taarifa, kaeni nao, wakikubali chukueni, wakikataa acheni. Sioni ugumu wa jambo hilo. Kamati itume watu wawili, waende na heshima zinazostahili, wasikilize. Na kama jina litakubaliwa, nashauri liwe Rafiki wa Kolo, likiambatana na kazi ya kuwaandaa wanachama kabla ya ziara: hakuna kugusa michoro, hakuna kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha, hakuna kupanda pale wazee wanapokuwa kwenye shughuli yao.

Kwa sababu hiyohiyo naomba Mtemi wa Milima aondolewe. Serikali ilifuta utemi baada ya uhuru na sina nia ya kuurudisha, ila kwa Wagogo mtemi hakuwa mtu tajiri aliyepewa kofia. Alibeba dhamana ya mvua na ardhi ya watu wake, na mvua ikikataa yeye ndiye aliyeulizwa. Zipo koo zinazojua mpaka leo nani alikuwa nani. Kulivisha jina hilo kwa mfadhili mbele ya wazee wa Mvumi, ambako nimezaliwa, kutawavunjia heshima, na wao kwa adabu yao hawatasema kitu. Wataondoka tu na hawatarudi kwenye sherehe zetu.

Badala yake naomba muongeze jina la Kongwa, ambalo hamkuliweka kabisa. Kongwa ndiko Waingereza walikoleta mradi wa karanga mwaka 1947, kwa matrekta na fedha nyingi, wakaanza kung'oa vichaka kabla ya kuwasikiliza wenyeji kuhusu udongo unaokauka ukawa mgumu na mvua zisizotabirika. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa. Na Kongwa hiyohiyo, tangu miaka ya 1960, ilipokea wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine, wakafanya mazoezi kwenye vumbi letu, wakala chakula chetu, na baadhi yao wamezikwa pale. Kila nikiwaona vijana wetu wanakimbia kuelekea mashariki alfajiri nawaza kwamba kuna vijana wengine waliokimbia kwenye ardhi hii wakijiandaa kurudi kwao wakiwa huru. Mwanachama atakayebeba jina la Kongwa atuongoze kwenda huko mara moja kwa mwaka, tusafishe makaburi kwa ruhusa ya wahusika, tuwasikilize wazee waliowaona wapiganaji hao kwa macho yao wakati bado wapo.

Najua Mweka Hazina ananisoma na anajiuliza fedha zitatoka wapi. Ni swali la haki. Klabu inahitaji sanduku la huduma ya kwanza, inahitaji nauli za ziara, na wafadhili wametusaidia kweli. Wengine ni marafiki zangu. Wapewe cheti cha shukrani chenye muhuri. Majina yao yachapwe mgongoni mwa fulana, kwa herufi kubwa wakitaka. Wasomewe kwenye sherehe wasimame wapigiwe makofi. Mtu anayetoa fedha kwa moyo mweupe hatakasirika kwamba jina la Mlima Simba limekwenda kwa anayeokota chupa. Anayekasirika alikuwa ananunua.

Kuhusu wa kuchagua, msijifungie kamatini peke yenu. Waulizeni wanachama wanaokimbia nyuma, maana wao ndio wanaoona mengi. Watawatajia yule kijana wa bodaboda asiye hata mwanachama rasmi, anayetufuata polepole na ndoo ya maji, na aliyempakia mama mmoja aliyezidiwa hadi zahanati akakataa kulipwa. Watawatajia mama wa uji wa ulezi tunayemkuta mwisho wa mbio, anayejua nani ana kisukari na kumwekea wake bila sukari kabla hajaomba. Hao hawako kwenye daftari la michango. Kama katiba ya klabu inazuia asiye mwanachama kupewa heshima, basi kwanza waandikisheni, ada yao ya mwaka wa kwanza nitailipa mimi.

Na jina lidumu mwaka mmoja. Mwenye nalo akifanya kazi yake aongezewe, asipofanya limwendee mwingine bila ugomvi. Mtu asizeeke na jina la mlima ambao miguu yake imeshausahau wakati vijana wanaoupanda kila wiki wapo.

Ndugu Mwenyekiti, sherehe mmeipanga kufanyika kabla mvua hazijaanza. Naomba isogezwe mbele kidogo, ili watu wa kwenda Kolo wapate muda wa kwenda na kurudi na jibu, na ili wanachama waulizwe. Kama haiwezi kusogezwa kwa sababu ukumbi umeshalipiwa, basi ifanyike kwa vyeti vya shukrani tu, na majina yasubiri. Tayari nimekusanya mapendekezo kutoka kwa wanachama wa kundi la nyuma, pamoja na sababu za kila mmoja, nimeyaandika kwenye daftari. Nitalikabidhi kwa Katibu kabla ya kikao chenu kijacho, na nikiitwa kuyaeleza nitakuja.

Mwanachama wenu,
muuguzi mstaafu,
Kikuyu, Dodoma.